MOSHI MWEUSI NI PESA ZETU ZINAZOPAA

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Kwa idhini yao nataka kuongeza neno moja dogo: pafukapo moshi mweusi nyuma ya matatu, pana pesa ya mtu inayoungua. Nimeomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe maoni juu ya jambo tunaloliona kila siku hata tukalizoea kama tulivyoizoea minazi. Jambo lenyewe ni magari yetu kula mafuta mengi kuliko yanavyostahili.

Wengi wetu tukisikia habari za hewa kuchafuka na dunia kuzidi joto, twadhani hayo ni mambo ya mikutano ya Nairobi na Ulaya. La hasha! Hapa hapa Rabai kuna la kufanywa, tena bila kungoja mfadhili. Lakini kwanza sharti tujue gari linaharibikia wapi na kwa nini halitengenezwi, maana lawama tunazozitoa kila siku twamtupia mtu mmoja tu, naye ni dereva.

Rabai inajulikana kwa mengi. Wageni huja kuona mahali Krapf na Rebmann walipoanzisha misheni yao mwaka 1846. Kaya zetu nazo ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Lakini kuna jambo jingine ambalo wageni hawaandiki vitabuni mwao: sisi ni majirani wa barabara kuu. Malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda na Kongo yapita Mazeras yakipanda kwa shida. Treni ya SGR ilianza kubeba mizigo mwaka 2018, lakini malori hayajaisha, na kila mtu aliyesimama Mazeras asubuhi anajua. Kisha iko barabara ya lami itokayo Mazeras kuja kwetu na kuendelea hadi Kaloleni. Hiyo ni ya matatu, Probox, tuktuk na bodaboda. Barabara yenyewe ni vilima na mabonde, na gari bovu hujitangaza kwenye kilima.

Sasa tuje kwenye elimu kidogo. Lita moja ya dizeli haifiki uzito wa kilo moja. Lakini ikiungua ndani ya injini hutoa kama kilo 2.6 za hewa ya kaboni, ile tunayoisoma darasani kwa jina la kaboni dayoksaidi. Watu huuliza, eti itawezekanaje kitu cha chini ya kilo moja kutoa kilo mbili na zaidi? Wenzangu mnaosoma Kemia mwajua jibu. Kaboni iliyomo katika mafuta, yenye uzito wa 12, hujishika na oksijeni ya hewani yenye uzito wa 32, na jumla yake ni 44. Yaani sehemu kubwa ya uzito ule imetoka katika hewa tunayovuta sisi.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huwezi kuiona, wala hakuna chujio la kufunga kwenye eksozi ya matatu likaizuia. Njia ni moja tu: gari lichome mafuta machache kwa safari ile ile. Moshi mweusi tunaouona ni kitu kingine. Huo ni masizi, yaani mafuta yaliyoingia injini yasiungue sawasawa yakatoka nje bila kufanya kazi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Basi gari linalofuka weusi linatupiga mara tatu: linakula pesa, linatia masizi kifuani, na linaongeza hewa ya kaboni juu angani.

Na matokeo ya kaboni hiyo hayako mbali. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kavu za nchi yetu, Ganze ikiwemo, na mifugo ikafa. Kabla watu hawajapumua, mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño zikabeba barabara na madaraja. Sisemi kwamba matatu za Mazeras ndizo zilizoleta ukame. Nasema kwamba wataalamu wametuonya kuwa dunia ikizidi joto misukosuko ya namna hiyo itazidi, nasi tunaishi mahali ambapo msimu mmoja ukikosekana watu hulala njaa.

Tupige hesabu. Tuchukue matatu ya dizeli inayokwenda kilomita 200 kwa siku. Ikiwa nzima, tuseme lita moja yaipeleka kilomita 10, basi itakunywa lita 20. Ikiwa nozeli zimechoka, chujio la hewa limejaa vumbi na tairi ni laini, lita moja huenda ikaipeleka kilomita 8 tu. Hapo itakunywa lita 25. Lita 5 kila siku zinapotea. Kwa siku 300 za kazi hizo ni lita 1,500. Ukipiga lita kwa shilingi 170 tu, zimepaa shilingi 255,000, na pamoja nazo karibu tani 4 za hewa ya kaboni. Gari moja hilo! Jamani, pesa hizo zingesomesha watoto wa nyumba ngapi?

Sasa mtu mwenye akili atauliza: ikiwa hasara ni kubwa namna hii, mbona gari halitengenezwi? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Nilimwuliza dereva mmoja, mtu mzima mwenye umri wa baba yangu, wakati tunangoja abiria.

"Mzee, mbona gari hili latoa moshi hivi?"

Akacheka, akasema, "Mwanangu, mafuta nanunua mimi, lakini injini si yangu. Nozeli zikichoka namwambia tajiri. Tajiri aniuliza, gari si latembea? Basi leta hesabu. Sasa nitoe pesa mfukoni mwangu nitengeneze gari la mtu, na kesho asubuhi huenda akampa dereva mwingine?"

Msomaji, yapime maneno hayo. Kwa wengi wanaoendesha matatu, mambo huenda hivi: tajiri, yaani mwenye gari, huletewa hesabu yake ya siku, kiasi kile kile, iwe jua iwe mvua. Dereva hutoa mafuta katika makusanyo, na kinachobaki ndicho chake na utingo. Kwa hivyo gari likila lita 5 za bure, hasara yamwangukia dereva. Na mwenye uwezo wa kuondoa hasara hiyo, yaani kununua nozeli na kumlipa fundi, ni tajiri, ambaye hesabu yake haijapungua hata senti. Anayeumwa siye mwenye dawa, na mwenye dawa haumwi. Ndiyo maana moshi haukomi. Dereva hana uwezo, na tajiri hana haraka.

Nitakuwa mwongo nikimsingizia tajiri ubaya wote. Wengi wao ni walimu, wafanyabiashara na wastaafu waliokopa benki kununua gari moja, na mkopo haungoji. Nao wana malalamiko yao. Husema, "Nikimpa dereva pesa ya fundi, fundi haioni." Hapo napo pana ukweli. Kinachokosekana kati ya watu hawa wawili ni uaminifu, na uaminifu wa biashara hauletwi kwa mahubiri. Huletwa kwa daftari.

Mali bila daftari huisha bila habari. Pendekezo langu la kwanza basi ni la bei ya kalamu na kijitabu. Kila matatu iwe na daftari la mafuta. Dereva akijaza tangi, aandike tarehe na kilomita zilizosomwa kwenye mita ya gari. Akijaza tena hadi juu, aandike lita zilizoingia na kilomita mpya. Kilomita zilizokwendwa zigawanywe kwa lita. Kazi hiyo mtoto wa shule ya msingi aiweza. Gari lililokuwa likienda 10 kwa lita likashuka hadi 9, kisha 8, linasema lenyewe kwamba laumwa. Tajiri akiona kwa macho yake, hawezi kusema dereva anatunga.

La pili, faida igawanywe. Tajiri na dereva wakubaliane kwa maandishi: gari likitengenezwa na mafuta yakapungua, nusu ya kilichookolewa ni ya tajiri mpaka arudishe gharama ya fundi na faida juu yake, na nusu ni ya dereva. Tuchukue mfano wetu. Lita 5 kwa shilingi 170 ni shilingi 850 kwa siku. Hata fundi na vipuri vikila shilingi 30,000, nusu ya tajiri, shilingi 425 kwa siku, itazirudisha kwa siku 71 za kazi. Baada ya hapo ni faida tupu kwa wote wawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na injini iliyoachwa na nozeli mbovu mwisho wake ni kufumuliwa yote.

La tatu, vyama vya matatu viamke. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zinataka kila matatu iwe chini ya chama au kampuni. Vyama hivyo vingi kazi yavyo imekuwa kupanga foleni na kukusanya ada. Mbona visikusanye na madaftari? Mwisho wa mwezi kila gari liandikwe ubaoni pamoja na kilomita zake kwa lita. Chama kiwe na fundi mmoja wa nozeli wa kuaminika, kikate gharama kidogo kidogo katika akiba ya tajiri. Hapo tajiri hatatoa pesa nyingi kwa siku moja, wala dereva hatashika pesa ya fundi mkononi. Fitina itakufa.

Baada ya kumtetea dereva, sasa nimgeukie, maana naye ana yake. Bwana dereva, ukiwa steji Mazeras nusu saa ukingoja abiria, injini yanguruma ya nini? Injini ya matatu ikiwaka bure saa nzima hula hata karibu lita moja, na ya lori kubwa hula lita 2 hadi 3. Wengine hukanyaga mafuta hali gari limesimama, eti abiria waone gari laondoka. Abiria amezoea, hadanganyiki tena!

Kuna na mwendo. Tangu mwaka 2004, wakati wa marehemu waziri John Michuki, matatu na malori yalitakiwa yafungwe vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Wengi twaijua sheria hiyo kwa ajili ya ajali tu. Lakini Fizikia yatuambia kwamba nguvu ya hewa inayolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 ukaenda 100, nguvu hiyo huongezeka kwa zaidi ya nusu, na ni mafuta yanayopigana nayo. Kwa hivyo anayechezea kidhibiti mwendo anajiibia mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, hata kwenye tangi.

Tena kuna madereva wanaoamini kwamba wakiteremka kilima waitoe gari kwenye gea, iserereke, ndiyo kuokoa mafuta. Hilo ni kosa na ni hatari. Magari mengi ya siku hizi, ukiachia mafuta huku gea imo, kompyuta ya injini huyakata mafuta. Ukiitoa gea, injini sharti inywe kidogo ili isizime. Umetumia zaidi, na breki umezibebesha mzigo wote peke yake. Kwenye miteremko yetu si ujanja huo.

Na malori je? Hapa nina hesabu nyingine inayoshangaza wengi. Gari dogo likitengenezwa likatoka kilomita 12 kwa lita hadi 15, katika kilomita 100 litaokoa kama lita 1.7. Lori likitoka kilomita 2 kwa lita hadi 2 na nusu, katika kilomita hizo hizo litaokoa lita 10. Kumbe nusu kilomita ya lori yashinda kilomita tatu za gari dogo! Kwa hivyo mwenye kutaka kusafisha hewa ya Mazeras aanze na malori: tairi zipimwe upepo kabla ya safari, mzigo usipite kiasi, injini izimwe kwenye foleni ndefu ya mizani ya Mariakani. Kampuni yenye malori mengi hainunui mafuta kwa kukisia, na isikubali kuyachoma kwa kukisia.

Serikali nayo isidhani nimeisahau. Tuseme ukweli, imewahi kufanya mambo na yakafaulu. Kufika mwanzoni mwa mwaka 2006 petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubali dizeli yenye salfa kidogo zaidi kuliko ya zamani. Mwaka 2018 mafuta ya taa yalitozwa shilingi 18 kwa lita ili walaghai waache kuyachanganya na dizeli, ingawa mzigo huo uliwaangukia pia maskini wenye koroboi. Magari yaliyotumika ng'ambo hayaruhusiwi kuingia yakipita umri wa miaka 8. Haya yote yahusu usafi wa mafuta na umri wa gari. Langu ni hili: na ulaji wa mafuta nao upimwe. Matatu ikipelekwa ukaguzi wa mwaka, moshi wake upimwe kwa chombo, si kwa jicho la mkaguzi. Anayeuza gari aandike kwenye kioo kilomita zake kwa lita kama anavyoandika bei. Afrika Kusini tangu mwaka 2010 inatoza magari mapya kodi kulingana na kaboni yanayotoa. Na sisi twaweza kufikiria namna itakayotufaa.

Najua nitapingwa. Wa kwanza atasema, "Afrika yote yatoa kama asilimia 4 tu ya kaboni ya dunia. Wacha wazungu na Wachina wajirekebishe kwanza." Nami nakubali kwamba wao wana deni kubwa kutushinda. Lakini lile deni lao halinirudishii mimi lita 5 zilizopotea leo, wala haliyatoi masizi kifuani mwa mama anayeuza mahamri kando ya steji. Tukiokoa mafuta, wa kwanza kufaidika ni sisi.

Wa pili atasema, "Magari ya umeme yaja, ya nini kuhangaika?" Yaje, nayapokea kwa mikono miwili, hasa kwa vile umeme mwingi wa Kenya watoka katika mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo. Ila tusisahau kwamba hapa hapa Rabai pana kituo cha umeme cha megawati 90, kilichoanza kazi mwaka 2010, nacho huendeshwa kwa mafuta mazito. Tena matatu inayonunuliwa leo itakuwa barabarani miaka kumi na zaidi. Hatuwezi kukaa katika moshi muda wote huo tukingojea cha kesho.

Mwisho nawageukia wenzangu, wanafunzi na abiria. Mwaka 2023 petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita, mzigo wake ulitufikia katika nauli, na nauli ikipanda wa kwanza kutembea kwa miguu ni mwanafunzi wa kutwa. Kila lita inayopotea ni sisi tunaoilipia, kwa hivyo tuna haki ya kusema. Tukikuta injini yanguruma bure, tumwambie utingo kwa adabu aizime. Tusimshangilie dereva anayekimbiza. Mwenye mzazi au mjomba aliye na gari amnunulie daftari, amwonyeshe namna ya kugawanya kilomita kwa lita. Na Chama chetu cha Kiswahili, badala ya kuandika mabango ya "Tunza Mazingira" pekee, kiandike karatasi moja ya mapatano ya mafuta kati ya tajiri na dereva, kwa Kiswahili chepesi, tuipeleke kwa vyama vya matatu vya Mazeras na Kaloleni. Hiyo itakuwa lugha iliyofanya kazi.

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimwaga. Tajiri na dereva wakiketi upande mmoja wa hesabu, moshi utapungua wenyewe. Wasipoketi, tutaendelea kulaumiana huku pesa zetu zikipaa juu ya minazi ya Rabai, nyeusi, mbele ya macho yetu sote.